Nani Anayemjua Muuaji? Sauti ya Msimulizi na Jinai Isiyotatuliwa katika Filamu ya Who Killed Captain Alex? (Uganda, 2010)

Ikisiri

Filamu ya *Who Killed Captain Alex?*, yaani "Nani Alimuua Kapteni Alex?", ilitengenezwa katika mtaa wa Wakaliga jijini Kampala na kutolewa mwaka 2010. Imetazamwa na mamilioni ya watu katika intaneti, lakini waliokaa kuihakiki ni wachache. Aghalabu hutajwa kama kichekesho kilichotokana na uhaba wa fedha, na hivyo sifa yake ya kuwa hadithi ya jinai husahauliwa. Makala haya yanaisoma filamu hiyo katika utanzu wake. Hoja kuu ni kwamba kutojibiwa kwa swali lililomo katika anwani kunaeleweka vyema zaidi pale msomaji anapotambua kuwa mamlaka ya kujua yameondolewa mikononi mwa mpelelezi na kukabidhiwa msimulizi wa kibandani, ambaye nchini Uganda huitwa VJ. Kutokana na usomaji huo, makala yanaonyesha mambo matatu yanayowahusu watunga sera ya lugha na sanaa katika Afrika Mashariki: hadhi ya msimulizi kama mtunzi, uhifadhi wa nakala zilizosimuliwa, na nafasi ya kibanda katika uenezaji wa Kiswahili.

Istilahi za msingi: filamu ya jinai, VJ, kibanda, fanani, hakimiliki, sera ya lugha

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu filamu za Afrika Mashariki umekuwa ukielemea pande mbili. Upande mmoja huzungumzia filamu zinazopelekwa katika matamasha, ambazo hupata msaada wa mafunzo na wahisani. Kwa Uganda, mfano unaotajwa mara nyingi ni warsha za Maisha zilizoanzishwa na Mira Nair mwaka 2004. Upande wa pili huzungumzia soko la filamu za nyumbani kwa takwimu za mauzo na malalamiko ya uharamia. Filamu inayochunguzwa hapa haikai kwa raha upande wowote. Haikutengenezwa kwa ajili ya tamasha, na wala haikudumu sokoni kwa njia ambayo ingeweza kuhesabiwa. Ilijulikana duniani kupitia kionjo chake kilichowekwa katika intaneti, na tangu hapo imekuwa ikipokewa kwa namna mbili zinazofanana kwa upungufu.

Namna ya kwanza ni ya mtazamaji wa mbali. Huyu huicheka filamu kwa sababu helikopta zake zinaonekana wazi kuwa za kompyuta, bunduki zake ni za kuchonga na kuunga, na damu yake ina wekundu usiopatikana mwilini. Kwake filamu ni mbaya kiasi cha kupendeza. Namna ya pili ni ya msomi wa karibu anayeona haya. Kwake filamu hii inaaibisha nchi kwa kuonyesha umaskini wa zana na wingi wa risasi. Wote wawili wanatazama kilichokosekana. Hakuna kati yao anayeuliza filamu inasema nini kuhusu uhalifu, ilhali anwani yake ni swali la uhalifu.

Makala haya yanajiegemeza katika dhana za fanani, hadhira na utendaji zilizozoeleka katika uhakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili. Dhana hizo zimeteuliwa kwa kuwa filamu yenyewe inazidai: nakala inayopatikana leo ina sauti ya fanani aliyesimama kati ya picha na mtazamaji tangu mwanzo hadi mwisho.

2.0 Filamu na mazingira ya utengenezaji wake

Mwongozaji wa filamu ni Nabwana Isaac Godfrey Geoffrey, anayejulikana kwa ufupi kama Nabwana I.G.G. Alianzisha kampuni ya Ramon Film Productions mwaka 2005 katika mtaa huohuo wa Wakaliga alikokulia. Jina la Ramon limeunganishwa kutokana na majina ya bibi zake wawili, Rachael na Monica. Kabla ya filamu alifanya kazi ya kufyatua matofali. Watazamaji wa nje waliijua studio hiyo kwa jina la Wakaliwood, kwa kufuata mtindo wa Hollywood na Nollywood.

Bajeti inayotajwa na watengenezaji haifiki dola 200 za Marekani. Nambari hiyo imerudiwa mara nyingi kama ajabu, lakini kwa mhakiki thamani yake iko katika kinachoifafanua: mgawanyo wa kazi. Wachezaji walikuwa majirani na vijana waliojitolea. Kompyuta ziliungwa kwa vipuri. Silaha zilitengenezwa mtaani kwa mbao na vyuma chakavu. Nyuma ya wachezaji kulitundikwa kitambaa cha kijani ili helikopta na milipuko iongezwe baadaye. Filamu ilipokamilika, wachezaji haohao walizunguka nyumba kwa nyumba wakiuza diski, wakishindana na wanakili haramu ambao walihitaji siku chache tu kulijaza soko. Gharama kubwa ya filamu hii ni muda wa watu, na muda huo haukuandikwa katika daftari lolote.

Mazingira haya yanaeleza pia utanzu uliochaguliwa. Filamu ya jinai na mapambano ilikuwa chakula cha kila siku cha vibanda vya video vya Kampala. Neno lenyewe linapaswa kuangaliwa. Luganda husema *ekibanda*, na watu wa Dar es Salaam husema "kibanda umiza". Ni nyumba ileile: mabati au maturubai, mabenchi, televisheni moja, kiingilio kidogo, joto jingi. Kabla ya sera yoyote ya pamoja ya utamaduni, eneo hili lilikwisha kuwa na ukumbi mmoja wa pamoja wa sinema wenye jina moja.

3.0 Swali la anwani na kutojibiwa kwake

Kisa ni chepesi kusimulia. Kapteni Alex, afisa shupavu wa Jeshi la Ulinzi la Wananchi wa Uganda (UPDF), anapewa jukumu la kulivunja genge la Tiger Mafia linaloongozwa na Richard. Ndugu yake Richard anakamatwa, naye Richard anaapa kulipiza kisasi. Katika purukushani hiyo Alex anakutwa amekufa. Ndugu yake Alex, mpiganaji wa sanaa ya Shaolin aitwaye Bruce U, anaingia ili kumtafuta muuaji. Wakati huohuo mzozo kati ya jeshi na genge unapanuka hadi helikopta inaushambulia mji wa Kampala kwa mabomu. Filamu inamalizika kwa mapigano makubwa. Kamera haimwonyeshi muuaji wa Alex, na hakuna mhusika anayemtaja.

Msomaji wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ana kipimo cha kuuelewa uzito wa jambo hili. Katika *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960) ya Muhammed Said Abdulla, Bwana Msa anakusanya dalili, anafikiri, kisha anafumbua. Mkataba kati ya mwandishi na msomaji ni kwamba kilichofichwa kitafichuliwa kwa akili. Katika riwaya za Elvis Musiba, kuanzia *Kufa na Kupona* (1974), mkataba umebadilika. Willy Gamba anapambana kwa niaba ya dola, na adui hushindwa kwa ngumi na risasi zaidi ya hoja. Filamu ya Nabwana imechukua anwani ya aina ya kwanza na mwili wa aina ya pili. Inauliza kama Bwana Msa, inapigana kama Willy Gamba, halafu haifungi mkataba wa yeyote kati yao.

Inawezekana kudai kwamba huu ni udhaifu wa utungaji. Dai hilo lina ukweli wake, na uhakiki usiokuwa na upendeleo unapaswa kulikubali. Upelelezi wa Bruce U ni wa mikono zaidi ya maswali. Baadhi ya mapigano yanazidi urefu unaohitajiwa na kisa. Wahusika wengi wanapewa jina na silaha, lakini hawapewi nia. Mtazamaji anayetaka kuona dalili zikiunganishwa hatazipata.

Hata hivyo, udhaifu hautoshi kueleza kwa nini swali liliwekwa mahali pa wazi kuliko pote, yaani katika anwani. Mtunzi aliyesahau kujibu angeweza kuibadilisha anwani kwa urahisi kuliko kupiga picha upya. Anwani ilipobaki, swali liligeuka kuwa hali ya kudumu ya filamu. Mtazamaji anakumbushwa tangu mwanzo kwamba kuna jambo halijulikani, na kila mlipuko unaofuata unalifukia jambo hilo zaidi. Alex anapokufa, kifo chake kinatumika na kila upande. Jeshi linakitumia kama sababu ya kushambulia, na Bruce U anakitumia kama sababu ya kupigana. Hakuna anayesimama kuuliza maswali matatu ya kawaida ya upelelezi: alikuwa wapi, na nani, saa ngapi. Kwa hiyo filamu inaonyesha, kwa kukusudia au kwa silika, namna ukatili mkubwa unavyomeza uhalifu mmoja mahususi. Mtu mmoja aliyeuawa anapotea ndani ya vita vinavyopiganwa kwa jina lake.

4.0 Jeshi, genge na mji wa Kampala

Uteuzi wa majina katika filamu unastahili uchunguzi. Genge linaitwa Tiger Mafia. Neno "mafia" ni la Italia, na mnyama anayeitwa *tiger* hapatikani katika mwitu wowote wa Afrika. Bruce U amechukua jina lake kutoka kwa Bruce Lee na sanaa yake kutoka China. Wahalifu na mlipiza kisasi wametoka moja kwa moja katika maktaba ya kibanda, yaani filamu za Hong Kong na Marekani. Lakini jeshi halikupewa jina la kubuni. Linaitwa UPDF, jina lake halisi, na mji unaopigwa mabomu unaitwa Kampala. Uhalifu ni wa kigeni kwa jina. Dola ni ya nyumbani.

Tofauti hiyo ingeweza kuzaa filamu ya kulisifu jeshi tu. Kinachoizuia ni uzalishaji wenyewe. Vijana wa mtaa mmoja ndio wanaojaza pande zote mbili, na silaha zao zimetoka katika karakana moja. Macho ya mtazamaji yanashindwa kuitenganisha kabisa safu ya askari na safu ya majambazi. Kinachowatenga ni nguo na kauli ya msimulizi. Aidha, jukumu la kulivunja genge la mjini limewekwa mikononi mwa makomando. Upelelezi wa kipolisi haupewi nafasi ya maana. Jamii ya ndani ya filamu inaijua bunduki kama njia ya kwanza ya kutatua jinai.

Muktadha wa wakati unafanya picha hizi ziwe nzito kuliko zinavyoonekana kwa mtazamaji wa mbali. Septemba 2009 Kampala ilikumbwa na ghasia zilizotokana na mgogoro kati ya serikali na ufalme wa Buganda, na zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Julai 11, 2010 mabomu halisi yaliua zaidi ya watu 70 jijini humo, wakiwa wamekusanyika kutazama fainali ya Kombe la Dunia katika televisheni. Haifai kusema kwamba filamu ilitabiri au ilijibu matukio hayo. Inatosha kusema kwamba hadhira yake ya kwanza haikuwa hadhira isiyojua mlio wa risasi. Watu waliocheka katika kibanda walikuwa wakicheka jambo walilolifahamu, na kicheko cha namna hiyo si sawa na cha mtu anayeona helikopta ya karatasi kwa mara ya kwanza kutoka bara jingine.

5.0 Sauti ya msimulizi

Nakala ya filamu inayopatikana ina sauti ya VJ Emmie, msimulizi wa studio. Wachezaji huzungumza Kiganda, na msimulizi huzungumza juu yao kwa Kiingereza kilichochanganywa na Kiganda. Mtindo huu haukubuniwa kwa ajili ya filamu hii. Vibandani Kampala, wasimulizi kama VJ Jingo walikwisha kujijengea jina kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiganda. Nchini Tanzania, Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alizisimulia filamu za nje kwa Kiswahili, na nchini Kenya DJ Afro amefanya kazi ya aina hiyo kwa Kiswahili cha mitaani. Jambo jipya katika *Who Killed Captain Alex?* ni kwamba msimulizi ameletwa na mwongozaji mwenyewe. Hakuja baadaye kama mgeni aliyeivamia kazi ya mwingine. Ni sehemu ya kazi.

Kazi yake inaweza kugawanywa katika sehemu tatu. Kwanza anaeleza: anawataja wahusika, anakumbusha nani ni nani, na anaziba pengo pale ambapo picha imekatika. Pili anaita: anaitangaza filamu ndani ya filamu, anasifu mateke, anaahidi makubwa yajayo, kama mpiga debe anayejaza basi ambalo tayari limeondoka. Tatu anadhihaki: anawatania wahusika hata katika hali ya kufa, na anaisingizia nchi nzima ujuzi wa kung fu. Sehemu hii ya tatu ndiyo inayobeba uzito wa kihakiki. Dhihaka ya msimulizi inamzuia mtazamaji kumtukuza mwenye bunduki kwa muda mrefu. Kila shujaa anapoanza kuota pembe, sauti inamshusha.

Hapa ndipo swali la anwani linapopata mahali pake. Katika hadithi ya upelelezi, mwenye kujua kuliko wote ni mpelelezi, na ujuzi huo humpa haki ya kusema mwishoni. Katika filamu hii mpelelezi hajui, jeshi halijui, wala genge halisemi. Anayebaki na haki ya kusema ni fanani. Yeye amekwisha kuiona filamu, anajua kinachokuja, na anajisifu kwa ujuzi huo kila dakika. Hadhira inamtegemea yeye amtaje muuaji. Naye hamtaji. Anaijaza filamu kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho, na katika jambo moja alilotakiwa kulisema ananyamaza. Ukimya huo unasikika kwa sababu umezungukwa na kelele.

Ni rahisi kumlinganisha VJ na mtambaji wa ngano, na ulinganisho huo una manufaa, lakini una mpaka. Mtambaji anaposema "Paukwa", hadhira hujibu, na jibu lao linaweza kubadili mwendo wa hadithi. Msimulizi wa kibandani aliyesimama na kipaza sauti naye husikia miguno ya mabenchi na kuijibu. Lakini sauti iliyorekodiwa katika diski haisikii. VJ Emmie katika nakala hii anaiga mazungumzo na hadhira isiyokuwepo. Kwa hiyo filamu imehifadhi fanani na kupoteza nusu ya utendaji. Mtazamaji wa intaneti anasikia upande mmoja wa maongezi na kudhani kwamba ameyasikia yote. Labda hii ndiyo sababu kubwa inayomfanya aone kichekesho tu: kile ambacho kibandani kilikuwa mabishano, kwake kimebaki kelele za mtu mmoja.

6.0 Nakala moja iliyobaki

Nakala ya awali, isiyokuwa na sauti ya msimulizi, haipatikani tena. Kinachotazamwa leo, kilichowekwa katika intaneti mwaka 2015, ni nakala iliyosimuliwa. Studio ilifanya kazi kwa kompyuta za kuunga, bila ghala la kuhifadhia filamu zilizokwisha kuuzwa, katika mtaa ambao umeme wake si wa kutegemewa. Hali hiyo si ya Wakaliga pekee. Filamu nyingi za bei nafuu za Uganda, Tanzania na Kenya za miaka ya 2000 ziliishi katika diski na tepu ambazo muda wake unakwisha.

Kwa mhakiki, kupotea huko kuna matokeo ya moja kwa moja. Haiwezekani tena kulinganisha filamu na usimulizi wake ili kuona kilichoongezwa, kilichofichwa au kilichogeuzwa. Huenda picha za awali zilikuwa na dalili ya muuaji ambayo kicheko cha msimulizi kimeifunika. Huenda hazikuwa nayo. Swali la anwani limepata hivyo maana ya pili ambayo mtunzi hakuipanga: hata ushahidi wa filamu umepotea, na shahidi pekee aliyebaki ni yule anayependa mzaha.

Kuna jambo jingine la kuzingatia. Kwa kuwa nakala iliyobaki imesimuliwa kwa kiasi kikubwa kwa Kiingereza, dunia imeipokea filamu ya Kiganda kupitia lugha iliyochaguliwa kwa ajili ya mtazamaji wa mbali. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kibiashara, na bila huo huenda filamu isingevuka mtaa wake. Lakini unaonyesha kwamba lugha ya usimulizi ndiyo inayoamua filamu itaishi wapi. Iliposimuliwa kwa Kiingereza ilifika Marekani na Ulaya upesi kuliko ilivyofika katika vyumba vya semina vya nchi jirani.

7.0 Yanayoihusu sera ya Kiswahili

Uhusiano wa Uganda na Kiswahili una historia ngumu. Tangu enzi za King's African Rifles, Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi. Mwaka 1973, chini ya Idi Amin, kilitangazwa kuwa lugha ya taifa, na kwa raia wengi kikabaki na sauti ya amri na kizuizi cha barabarani. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia utekelezaji wake pamoja na kufundishwa shuleni. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo imekipa hadhi ya lugha rasmi, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake Zanzibar. Milango miwili ya Kiswahili nchini Uganda imekuwa hivyo kambi na darasa. Wa kwanza ulikiletea hofu. Wa pili unaweza kukiletea mtihani.

Usomaji wa *Who Killed Captain Alex?* unaonyesha kwamba kuna mlango wa tatu ambao tayari uko wazi, nao ni kibanda. Huko lugha ngeni huingia ikiwa imeshikwa mkono na msimulizi. Mtu hujifunza neno kwa sababu anataka kujua nani amepigwa na kwa nini. Msimulizi hasubiri istilahi ipitishwe. Anaitafuta papo hapo, na hadhira huikubali au kuizomea. Filamu hii pia inafundisha kwamba lugha inayodhihaki bunduki huaminiwa mahali ambapo lugha ya bunduki haikuaminiwa. Kwa Uganda, hilo si jambo dogo.

Kutokana na uchambuzi huu, mapendekezo matatu yanatolewa.

Pendekezo la kwanza linahusu sheria. Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya Uganda ya mwaka 2006, kama sheria nyingi za aina hiyo, inamtaka anayetafsiri kazi ya mwingine apate ridhaa. Msimulizi wa filamu za kigeni kwa kawaida hana ridhaa hiyo, na hivyo hutajwa pamoja na maharamia. Mfano wa Wakaliga unaonyesha njia nyingine: mwongozaji na msimulizi wakikubaliana tangu mwanzo, usimulizi unakuwa kazi halali yenye mtunzi wake. Mamlaka za hakimiliki za nchi wanachama zinaweza kuandaa mkataba wa mfano kwa ajili ya makubaliano hayo, wenye kifungu cha mapato cha msimulizi.

Pendekezo la pili linahusu uhifadhi. Hifadhi za taifa na maktaba za vyuo vikuu zinapaswa kukusanya nakala mbili za kila filamu inayosimuliwa, yaani iliyosimuliwa na isiyosimuliwa, na kuziorodhesha kama kazi mbili zinazohusiana. Bila hivyo uhakiki wa filamu za eneo hili utaendelea kufanywa kwa ushahidi wa shahidi mmoja.

Pendekezo la tatu linahusu lugha. Taasisi za Kiswahili, zinapotenga fedha za uenezaji, zifadhili usimulizi wa Kiswahili wa filamu za Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, ukifanywa na wasimulizi wenyewe wa vibandani. Kiganda, Kinyarwanda, Kirundi au Kilingala cha wachezaji kibaki kikisikika chini ya usimulizi. Kuongeza sauti ya Kiswahili hakupaswi kuwa kuinyamazisha sauti ya mwenye filamu. Kosa la aina hiyo lilikwisha kufanywa kwa amri, na gharama yake bado inalipwa.

Pingamizi moja linatarajiwa: kwamba filamu yenye risasi nyingi haifai kubeba lugha ya umoja, na kwamba fedha za umma ziende kwa kazi zenye ubora. Pingamizi hilo linachanganya ubora wa zana na ubora wa fikra. Vigezo vya ubora vinavyotumiwa katika mashindano na mifuko ya filamu aghalabu hupima mwanga, sauti na uhariri. Ni vigezo vya haki, lakini havina mahali pa kuandika kwamba filamu fulani imeunda njia ya kusimulia ambayo hadhira imeitambua kuwa yake. Filamu isiyofikia dola 200 haiwezi kushindana kwa mwanga. Inaweza kushindana kwa swali linaloulizwa.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuirudisha *Who Killed Captain Alex?* katika utanzu wake wa jinai. Imebainika kuwa filamu hii, pamoja na mapungufu yake ya wazi katika ujenzi wa wahusika na upelelezi, inajenga hali ambayo riwaya ya upelelezi ya Kiswahili haikuizoea: kifo kimoja kinachotumiwa na wote na kuchunguzwa kwa maswali na hakuna. Imebainika pia kuwa msimulizi si pambo. Ndiye anayebeba mamlaka ya kujua, na ndiye anayeyatumia kwa kukaa kimya mahali pamoja.

Filamu iliyochekwa kwa zaidi ya mwongo mmoja inaweza kuendelea kuchekwa bila kupungukiwa na kitu. Ilitengenezwa ili watu wacheke. Kinachohitajika ni kwamba katika nchi jirani, ambako neno kibanda halihitaji kufasiriwa na ambako raia aliyeuawa bila muuaji kutajwa si jambo la kubuni, kicheko hicho kisizuie swali lililo katika anwani lisisikike.